Kutoka Ubingwa Hadi Daraja la Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Bursaspor

Kisa na mipaka yake

Mei 2010 Bursaspor ilitwaa ubingwa wa Uturuki. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, klabu hiyohiyo ilikuwa daraja la nne. Katikati kuna miaka kumi na minne, na humo ndani huwezi kunyooshea kidole tukio moja ukasema hapa ndipo palipovunjika. Kuna maamuzi mengi, kila moja na sababu yake, na mengi kati ya hayo yalishangiliwa siku yalipotangazwa. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki kwa kufundishia. Kiongozi yeyote wa klabu ya mkoani akikisoma hadi katikati atakuwa ameshajiona mahali fulani.

Kuhusu majina: klabu, mji, na watu ambao mafanikio yao yako kwenye rekodi za umma nimewataja. Wenyeviti waliopokezana kiti katika miaka ya madeni, mawakala, na wachezaji waliodai mishahara yao nimewaacha bila majina wala alama za kuwatambulisha. Naamini ungemtoa yeyote kati yao ukaweka mwingine, mambo yangekwenda vilevile, na kinachofaa kuangaliwa ni utaratibu waliokuwa wakifanyia kazi.

Wengi wetu Afrika Mashariki ligi ya Uturuki tunaijua kwa Fenerbahçe, alikocheza Mbwana Samatta msimu wa 2020/21, na kwa Göztepe ya İzmir alikokwenda Novatus Miroshi. Göztepe itatokea tena hapa chini, mahali pabaya kwa Bursa.

Usuli: mji, klabu na kiti cha mwenyekiti

Bursa iko kusini mwa Bahari ya Marmara, miguuni pa mlima Uludağ unaopanda hadi mita 2,543. Waosmani waliuteka mji huu mwaka 1326 wakaufanya makao makuu yao. Kwa karne nyingi ulijulikana kwa hariri, kisha nguo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 magari: viwanda vya Tofaş vinavyounda Fiat na vya Oyak-Renault viko hapo. Ni mji wa nne kwa ukubwa nchini. Wenyeji wanauita Yeşil Bursa, Bursa ya kijani, na jezi ya klabu ni kijani na nyeupe.

Nalitaja hilo la viwanda kwa makusudi. Bursa si mji maskini ulioonewa na İstanbul. Ina waajiri wakubwa, ina watu wengi, na ina timu moja tu ambayo karibu kila mtu anaishabikia. Klabu nyingi za mikoani duniani hazijawahi kupewa msingi mzuri kama huo.

Klabu ilizaliwa mwaka 1963 kwa kuunganisha timu tano za mjini: Acar İdman Yurdu, Akınspor, Çelikspor, İstiklal na Pınarspor. Ligi ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 1959, na daraja la pili lilikuwa ndiyo kwanza linaundwa. Miji ilihimizwa kuunganisha vilabu vyake vidogo ili ipeleke timu moja yenye nguvu. Bursaspor ilipanda ligi kuu mwaka 1967 ikakaa huko hadi 2004, misimu 37 mfululizo. Msimu wa 1974/75 iliingia robo fainali ya Kombe la Washindi Ulaya baada ya kuwatoa Finn Harps na Dundee United, ikatolewa na Dynamo Kyiv waliokuja kulibeba kombe lenyewe. Mwaka 1986 ilitwaa Kombe la Uturuki. Mwaka 2004 ilishuka daraja kwa mara ya kwanza, ikarudi 2006.

Kisheria Bursaspor ni chama cha wanachama, kama zilivyo klabu nyingi za Uturuki. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana: kuna kadi, kuna mkutano mkuu, kuna uchaguzi, kuna wagombea wanaoahidi nyota. Mwenyekiti huwa mfanyabiashara wa mjini. Fedha zikipungua anaikopesha klabu kutoka mfukoni au anaweka saini yake benki. Muda wake ukiisha anaondoka, na deni linabaki kwenye vitabu, lingine likiwa la kwake mwenyewe analoidai klabu. Anayemfuata anarithi deni pamoja na kiu ya mashabiki.

Msimu wa 2009/10

Hadi mwaka 2010 ubingwa wa Uturuki ulikuwa umechukuliwa na klabu nne tu. Tatu ni za İstanbul: Galatasaray, Fenerbahçe na Beşiktaş. Ya nne ni Trabzonspor ya pwani ya Bahari Nyeusi, iliyouchukua mara sita kati ya 1976 na 1984. Kwa miaka 26 baada ya hapo, kombe halikuwahi kuvuka mipaka ya İstanbul.

Ertuğrul Sağlam alipewa timu mapema 2009. Mwenyekiti alikuwa İbrahim Yazıcı. Kikosi walichokuwa nacho hakikuwa cha bei kubwa, na ukikitazama kwa makini utaona kilivyopangwa kwa akili. Mbele walikuwapo Sercan Yıldırım na Volkan Şen, wote wazaliwa wa Bursa waliolelewa na klabu. Katikati alikuwapo Pablo Batalla, Muargentina mfupi mwenye pasi, pamoja na Ivan Ergić, Mserbia aliyetokea Basel. Nyuma alisimama nahodha Ömer Erdoğan, na golini Mbulgaria Dimitar Ivankov, kipa aliyefunga zaidi ya mabao 40 katika maisha yake ya soka, mengi kwa penalti. Vijana wa nyumbani walikuwa na miguu, wageni walikuwa na uzoefu, na kocha aliachwa afanye kazi.

Siku ya mwisho, tarehe 16 Mei 2010, Fenerbahçe walikuwa na pointi 73 na Bursaspor 72. Fenerbahçe walikuwa nyumbani Kadıköy wakicheza na Trabzonspor. Bursaspor walikuwa nyumbani na Beşiktaş. Bursa ilishinda 2-1. Kadıköy ilimalizika 1-1, lakini mtangazaji wa uwanja alikuwa amepewa habari isiyo ya kweli, akatangaza kwenye vipaza sauti kwamba mechi ya Bursa imekwenda sare ya 2-2. Mashabiki wa Fenerbahçe wakamiminika uwanjani, wakakumbatiana, wachezaji nao wakaruka. Zilipita dakika kadhaa kabla ukweli haujawafikia. Baada ya hapo furaha iligeuka vurugu, na viti vikawashwa moto.

Msimamo ulisomeka Bursaspor 75, Fenerbahçe 74. Ushindi 23, sare 6, kufungwa mara 5. Bursa haikulala usiku ule.

Maamuzi baada ya taji

Bingwa wa Uturuki aliingia moja kwa moja hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwa klabu ya mkoani hizo zilikuwa fedha ambazo haijawahi kuziona, na zilikuja kwa mkupuo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa nini cha kufanya nazo.

Klabu iliamua kukuza kikosi ili kiwe na hadhi ya Ulaya. Waliletwa Waargentina Federico Insúa na Leonel Núñez, miongoni mwa wengine. Sababu inaeleweka: kundi lilikuwa na Manchester United, Valencia na Rangers, na hakuna mwenyekiti anayetaka kuaibishwa mbele ya dunia. Hata hivyo mechi sita zilileta pointi moja, sare ya 1-1 nyumbani na Rangers. Mabao ya kufunga 2, ya kufungwa 16. Valencia peke yao walifunga kumi: manne Bursa na sita kwao. Januari 2011 klabu ikamsajili Kenny Miller, mshambuliaji wa haohao Rangers. Kufika Julai alikuwa ameshakwenda Cardiff.

Katika ligi mambo hayakuharibika mara moja. Msimu wa 2010/11 Bursaspor ilimaliza ya tatu, jambo ambalo miaka mitano nyuma lingefanyiwa sherehe. Ila majira ya joto ya 2011 Sercan alikwenda Galatasaray na Volkan akaenda Trabzonspor. Mei 2012 timu ilifika fainali ya Kombe la Uturuki ikafungwa 4-0 na Fenerbahçe. Mwezi huohuo UEFA ilitangaza kuifungia mashindano ya Ulaya kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa. Klabu ilikata rufaa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaruhusiwa kucheza.

Ningependa tusimame hapo. Ni miaka miwili tu tangu ubingwa na fedha za Ulaya, na tayari klabu ina kesi ya kutolipa. Taa nyekundu iliwaka mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Rufaa ilipofanikiwa, jambo lilichukuliwa kama limekwisha, kwa vile timu ilicheza. Lililokwisha lilikuwa adhabu, na tabia iliyoileta ikabaki palepale.

Januari 2013 Sağlam aliondoka. Mei mwaka huohuo İbrahim Yazıcı alifariki. Ndani ya miezi mitano klabu ilikuwa imewapoteza watu wawili walioibeba mwaka 2010, na haikuwa na maandishi yoyote ya namna ya kuishi bila wao.

Majira ya joto ya 2015

Kama ningepewa darasa la saa moja tu, ningefundisha majira haya.

Msimu wa 2014/15 kocha alikuwa Şenol Güneş, aliyeiongoza Uturuki kushika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 2002. Timu ilicheza soka la kupendeza. Fernandão, Mbrazili aliyekuwa kwa mkopo, alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 22. Walifika fainali ya Kombe la Uturuki wakafungwa 3-2 na Galatasaray. Kikosini walikuwemo wana wa mkoa: Ozan Tufan wa Orhangazi, Serdar Aziz, Volkan Şen aliyekuwa amerudi nyumbani, na Enes Ünal, kijana aliyefunga bao la ligi kuu dhidi ya Galatasaray akiwa na miaka 16.

Msimu ukaisha. Güneş akachukuliwa na Beşiktaş, ambako alitwaa ubingwa mwaka uliofuata. Fernandão akaenda Fenerbahçe. Beki wa kulia Şener Özbayraklı akaenda Fenerbahçe. Ozan Tufan akaenda Fenerbahçe. Volkan Şen naye akaenda Fenerbahçe. Enes Ünal akanunuliwa na Manchester City. Serdar Aziz alibaki mwaka mmoja zaidi, akaenda Galatasaray.

Kuuza mchezaji si kosa. Klabu ya mkoani inaishi kwa kuuza, na Ozan na Enes walikuwa ushahidi kwamba timu za vijana za Bursa zinafanya kazi. Kosa liko kwenye kasi na kwenye matumizi. Waliondoka watano kwa mpigo pamoja na kocha, na fedha zilizopatikana zikaingia kwenye shimo la madeni ya nyuma na mishahara ya wageni wapya. Mkulima anayekula mbegu mwezi wa njaa hana wa kumlaumu. Bursa mwaka ule haikuwa mwezi wa njaa.

Desemba ya mwaka huohuo uwanja mpya ulifunguliwa, mali ya manispaa, wenye viti zaidi ya elfu 43, umejengwa kwa umbo la mamba wa kijani anayeizunguka nyasi. Mamba ndiye jina la utani la timu. Uwanja wa zamani, Atatürk, ulikuwa katikati ya mji. Mtu alitoka kazini akatembea hadi langoni. Huu mpya ni wa fahari kweli, lakini timu iliyoingia humo haikuwa ile ambayo mji ulikuwa umeizoea miezi saba nyuma.

Pointi moja

Misimu miwili ikapita timu ikichungulia shimo bila kutumbukia. Makocha walibadilishwa. Msimu wa 2018/19 ikatumbukia, na namna ilivyotumbukia inafaa kutazamwa kwa karibu.

Bursaspor ilimaliza na pointi 37. Göztepe, iliyokuwa juu yake kwa hatua moja, ikapata 38 na kunusurika. Sasa angalia yaliyo ndani. Göztepe walifungwa mechi 18. Bursaspor walifungwa 11 tu. Lakini Göztepe walishinda 11 na Bursaspor walishinda 7, wakatoka sare mara 16. Timu iliyofungwa mara chache hivyo ndiyo iliyoshuka.

Ukiwasikiliza mashabiki wa Bursa wakiusimulia msimu ule, watakwambia bahati. Mimi naona kitu kingine. Sare 16 ni timu inayojua kujilinda na haina wa kumaliza mchezo. Wamalizaji waliondoka 2015, na wale walioletwa badala yao walikuwa wa kupita. Benchi la ufundi linalojua lina wiki chache kabla ya kufukuzwa hucheza kwa kuogopa kufungwa, na woga huo uligharimu pointi mbili kila mara. Sare moja tu kati ya zile 16 ingegeuka ushindi, klabu ingebaki ligi kuu.

Kuteremka ngazi

Mji uliamini timu itarudi haraka, kama ilivyowahi kurudi 2006. Imani hiyo ndiyo iliyofanya gharama zisishushwe ipasavyo. Msimu wa 2019/20 timu ilifika mtoano wa kupanda ikatolewa nusu fainali na Adana Demirspor. Baada ya hapo mlango ukajifunga.

Hapa inabidi nieleze jinsi deni la soka linavyoua, kwa sababu haliui kama deni la duka. Mchezaji wa kigeni asipolipwa hupeleka madai yake FIFA. Akishinda, klabu hupewa siku 45 kulipa. Zikipita, inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo. Klabu isiyoweza kusajili inacheza na ilionao. Inafungwa, watazamaji wanapungua, wadhamini wanapungua, na fedha za kulipa lile deni zinazidi kuwa mbali. Wakati huo madai mengine yanafika mezani, maana walioondoka bila kulipwa ni wengi.

Ongeza sarafu. Mikataba ya wageni Uturuki huandikwa kwa euro au dola, huku tiketi, jezi na fedha za televisheni zikiingia kwa lira. Deni la euro milioni 1 lilikuwa sawa na lira milioni 2 hivi mwaka 2010. Mwisho wa 2018 lilikuwa lira milioni 6. Katikati ya 2024 lilikuwa lira milioni 35. Hujasajili mtu, hujakopa tena, umekaa tu, na deni limezaa.

Kufungiwa kusajili kulileta jambo moja jema bila kukusudiwa: vijana wa akademi walipewa nafasi kwa lazima. Msimu wa 2020/21 kikosi kilikuwa cha watoto wa mjini kwa sehemu kubwa, na kilimaliza katikati ya msimamo wa daraja la pili. Mashabiki waliwapenda. Ila kulikuwa na mshambuliaji mmoja kijana, tumaini la mji, ambaye mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha. Hakuongeza. Akakubaliana na klabu ya Ujerumani, klabu yake ikamweka nje ya kikosi kwa miezi iliyobaki, na akaondoka akiwa mchezaji huru. Bursa ilikosa mabao yake na ikakosa ada yake. Nikikisoma kipande hiki cha kisa huwa naumia kuliko nikisoma yale mabao 16 ya Ligi ya Mabingwa. Mtoto uliyemlea tangu utotoni anahitaji mkataba mpya mwaka mmoja na nusu kabla ya wa kwanza kuisha, na kazi hiyo inataka karani makini tu, haihitaji tajiri.

Mwaka 2022 timu ilishuka tena, sasa daraja la tatu. Mwaka 2024 ikashuka hadi la nne, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Tarehe 5 Machi 2023

Ningependa kuliruka tukio hili, lakini kisa kingekuwa cha uongo.

Siku hiyo Bursaspor ilicheza nyumbani na Amedspor, timu ya Diyarbakır, mji mkubwa wa Wakurdi. Wachezaji wa Amedspor walishambuliwa, na vitu vya kila aina vilitupwa uwanjani. Jukwaani ziliinuliwa picha za gari jeupe aina ya Toros. Kwa Wakurdi gari hilo lina maana moja: ndilo lililokuwa likionekana watu walipochukuliwa miaka ya 1990 wasirudi tena. Renault Toros liliundwa Bursa, kwenye kiwanda cha mjini humohumo. Babu wa shabiki aliyeshika picha ile huenda alifunga bolti zake akijua anatengeneza gari la familia.

Shirikisho liliifungia klabu kucheza nyumbani na mashabiki kwa mechi tisa. Kwa klabu iliyokuwa inategemea mapato ya mlangoni, hayo ni maumivu ya fedha. Ila sitaki kulipima kwa fedha. Walioumizwa siku ile ni wachezaji wageni waliokuja kufanya kazi yao, na watu wa nyumbani kwao waliolazimika kuziona picha zile. Mashabiki haohao nitawasifu mbele kidogo kwa kuiokoa klabu yao, na sifa hiyo haiifuti siku hii.

Kupanda tena

Majira ya joto ya 2024 klabu ilipata uongozi mpya ulioanza kwa kulipa madai yaliyokuwa yanazuia usajili. Batalla, yuleyule wa 2010, alipewa kazi ya ukocha. Na mji ukafanya jambo ambalo sijaona mfano wake kwingi: ulijaza uwanja wa mamba kwa mechi za daraja la nne. Zaidi ya watu elfu arobaini walikuja kutazama wapinzani waliozoea kucheza mbele ya mamia. Kuna wafanyakazi wa kiwandani waliowaleta watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 2010. Msimu uliisha Bursaspor ikiongoza kundi lake na kupanda daraja la tatu.

Uchambuzi

Lililofaa zaidi katika kisa chote ni mpangilio wa 2009/10: kocha mmoja aliyeachiwa muda, vijana wa nyumbani wanaocheza kila wiki, na wageni wachache waliochaguliwa kwa kazi maalumu. Haukuwa muujiza. Ulikuwa mpango unaoweza kurudiwa, na akademi iliendelea kutoa watu: Serdar, Ozan, Enes, kisha wale wa 2020. Miaka yote hiyo mtambo wa kuzalisha wachezaji haukuharibika. Kilichoharibika ni ofisi iliyokuwa ikipokea walichozalisha.

Kosa la kwanza kwa uzito, kwa maoni yangu, ni kuzichukua fedha za 2010 kama mshahara wakati zilikuwa zawadi. Fedha za Ligi ya Mabingwa huja mara moja. Mikataba iliyosainiwa kwa nguvu yake ni ya miaka mitatu au minne. Mwaka wa pili zawadi haikuja na mikataba ilikuwepo. Kuna njia iliyokuwa wazi: kuzifungia fedha zile kwenye uwanja wa mazoezi na kwenye mikataba mirefu ya vijana, na kwenda Ulaya na kikosi kilekile kilichoshinda. Wangefungwa? Wangefungwa. Walifungwa 16 hata hivyo.

La pili ni kiti. Mwenyekiti aliyechaguliwa kwa miaka michache analipwa kwa makofi ya leo, na bili ya maamuzi yake inafika kwa mwenzake. Katika utaratibu huo, mwenyekiti anayebana matumizi anapoteza uchaguzi. Uturuki yenyewe ililiona hilo, ndiyo maana sheria ya vilabu vya michezo namba 7405 ya mwaka 2022 iliwabebesha viongozi wajibu wa binafsi kwa madeni wanayoyazidisha kupita kiwango. Kwa Bursaspor sheria ilifika mwaka uleule timu ilipoangukia daraja la tatu. Klabu ya wanachama haina haja ya kungoja bunge: mkutano mkuu unaweza kuandika kwenye katiba yake kwamba hakuna mkataba unaovuka muda wa uongozi bila kura, na kwamba mkopo wa mwenyekiti una kikomo.

Imani ya kurudi haraka naiweka hapohapo. Ilikuwa na mfano, 2004 hadi 2006, lakini mwaka 2004 klabu haikuwa na rundo la madai kutoka nje. Waliutumia uzoefu wa ugonjwa mwingine kutibu huu.

Kuhusu mashabiki, wataalamu wengi wangewaandika upande wa mali: elfu arobaini mlangoni. Mimi nawaona pande zote mbili. Shinikizo lao lilifukuza makocha na kudai majina makubwa. Siku ya Machi 2023 baadhi yao waliuchafua mji. Na ilipofika chini kabisa, pale ambapo mfanyabiashara yeyote angefunga duka, wao ndio waliokuja. Ukiwa kiongozi wa klabu kama hii, kundi hilo ndilo utakalofanya nalo kazi, na linahitaji kuambiwa ukweli wa vitabu mapema. Mwaka 2012 hakuna aliyewaketisha wanachama akawaonyesha deni kwa lira na kwa euro.

Kuna desturi moja ya majukwaa ya Bursa ambayo imedumu kupitia madaraja yote. Namba ya magari ya Bursa ni 16 na ya Ankara ni 06. Dakika ya sita ya kila mechi, mashabiki wa Bursaspor huacha kuishangilia timu yao na kuliimba jina la Ankaragücü, klabu rafiki ya Ankara. Kule Ankara, dakika ya 16, hujibiwa. Waliimba hivyo wakiwa mabingwa, na wakaimba hivyo daraja la nne. Msimu wa 2025/26 klabu hizo mbili zilijikuta daraja moja, la tatu: Bursaspor ikiwa imetoka chini, Ankaragücü ikiwa imetoka juu.